Pikapu Iliyokataa Kumbeba Nakaale

Habari ya jeneza niliisikia kwa mdomo wa Lopeyok mwenyewe, tena akicheka, huku akitafuna mandazi yangu. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akasema namsingizia shemeji yangu.

Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine hapa Kakuma. Naitwa Akal, nauza chai karibu na steji, na madereva wengi wa barabara ya Lodwar ni wateja wangu. Lopeyok, mume wa mdogo wangu Nakaale, aliegesha pikapu yake nyeupe, akavuta stuli, akaanza kunisimulia safari yake ya jana.

Alikuwa amebeba maiti. Mzee mmoja Mkongo, Anatole, mkazi wa Kalobeyei, alifia Lodwar, na mjane wake Inès akaikodi pikapu imrudishe nyumbani azikwe, naye na ndugu za marehemu wakapanda kusindikiza. Njiani, walipokwisha kuvuka lagga moja kavu, ule mto wa mchanga unaojaa maji mvua ikinyesha tu, wakasimama kujisaidia. Kurudi, gari halikuwaka. Inès akamwambia, "Papa, umuombe tu pole. Umuambie tuko naenda kwa nyumba."

Hilo si jambo geni. Hata sisi huku, dereva anayebeba marehemu huongea naye njiani. Mzee tulia, tunakupeleka kwako. Haligharimu kitu ila ulimi.

"Mimi nibembeleze maiti?" Lopeyok akaniuliza, mdomo umejaa. "Niliambia ndugu zake washike huku, mimi nishike huku, tukashusha sanduku chini ya mti. Kupiga stata, gari hiyo! Nikaenda zangu."

"Ukawaacha?"

"Si niliona imekubali kuwaka? Nirudishe tena huo ukaidi kwa gari? Dawa ya gari kaidi ni kushusha mzigo, Akal."

Akamwacha mjane na jeneza la mumewe kando ya barabara, jua la Turkana likiwaka juu ya mbao, mpaka lori la makaa, kama nilivyoambiwa baadaye, likawahurumia jioni. Na bado anacheka! Nilimpokonya kikombe, nikaimwaga chai yake mchangani. "Toka hapa," nikamwambia. "Huyo mzigo alikuwa baba ya watu. Kiburi si maungwana." Akaondoka akinitania kwamba nimeanza kuzeeka.

Haikupita wiki, Nakaale akashikwa na uchungu. Tulimpeleka kliniki kabla jua halijawa kali. Muuguzi akampapasa tumbo, akanivuta kando. Mtoto amelala mkingamo, akasema, hawezi kutoka hivyo. Lazima afike Lodwar apasuliwe, na afike mapema, la sivyo tutawapoteza wote wawili. Ambulensi ilikuwa imeshaondoka na mgonjwa mwingine.

"Gari si lipo?" Lopeyok akasema, akipiga kifua.

Tukatandika godoro nyuma ya pikapu, tukamlaza Nakaale, nami nikapanda nimshike. Lopeyok akazungusha ufunguo. Kimya. Hata ule mlio wa stata haukusikika.

Fundi Kiplagat, ambaye gereji yake inatazamana na kliniki, akaja na vifaa vyake. Akafungua vichwa vya betri, akavisugua, akavikaza. Kimya. Akaleta nyaya, akavuta moto kutoka kwa betri ya lori. Kimya. Akaigonga stata kwa spana. Dizeli ipo. Fyuzi zote nzima. Wanaume waliokuwa pale wakajipanga nyuma kuisukuma, gia ikiwa huru, breki ya mkono imeachiliwa. Haikusogea hata kidogo. Walisukuma mpaka viatu vikazama mchangani.

Nakaale alikuwa akiniuma mkono ili asipige kelele.

"Mshusheni mgonjwa kidogo," Kiplagat akasema. "Kuna nyaya zinapita chini ya hiyo bodi. Nataka niziangalie."

Tukamshusha na godoro lake mpaka kivulini. Lopeyok akajaribu ufunguo bila kutumaini. Injini ikawaka papo hapo, laini kabisa. Watu wakashangilia. Nami nikashangilia, mjinga mimi! Tukamrudisha mbio.

Godoro lilipogusa bodi, injini ikazima.

Tukamshusha. Ikawaka. Tukampandisha. Ikazima.

Sasa hakuna aliyeshangilia. Ilikuwa adhuhuri, jua juu ya utosi, watu tele wametuzunguka. Kiplagat akauchomoa ufunguo, akanipa. "Shika," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mshusheni tena."

Tukamshusha.

Injini ikawaka. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

Kiplagat alikusanya spana zake, akaiacha moja juu ya bampa, akaondoka kwa hatua za haraka. Wale wa kusukuma wakarudi nyuma. Mimi nilimfuata Lopeyok, nikamkaba kola mbele ya watu wote.

"Sema pole," nikamwambia. "Sema sasa hivi. Mwite Mzee Anatole kwa jina umwombe radhi."

"Niache, Akal. Ni shoti ya umeme."

"Shoti gani inayojua mke wako amepanda? Sema!"

Nakaale akainua kichwa kutoka kwenye godoro. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Baba Apua," akamnong'oneza. Apua ni kifungua mimba wao. "Sema tu. Nakufa."

Nilimwona Lopeyok akifungua mdomo. Kwa Akuj, Mungu wetu, naapa, neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Halafu akawatazama wale wanaume waliokuwa wakimwangalia, akaufunga. "Mimi na maiti hatuna maneno," akasema.

Kama ningekuwa na panga siku ile, leo ningekuwa jela. Mtu anaona mkewe anakata roho, anaona aibu ya watu! Nilimwachia kola, nikakimbia barabarani, nikasimama katikati na leso yangu juu. Lori la maji lilikuwa linarudi Lodwar tupu. Dereva wake, kijana wa Sudan Kusini aitwaye Pal, alikanyaga breki hadi vumbi likatufunika. Hakuuliza maswali. Tukamweka Nakaale kwenye kebini ya dereva, kichwa mapajani mwangu, tukaondoka.

Lopeyok akapiga kelele kwamba anatufuata. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni akiingia kwenye pikapu. Ufunguo bado nilikuwa nao mimi.

Alitufuata vizuri mwanzoni. Pal ndiye aliyeona kwanza. "Mama," akaniambia, macho kwenye kioo, "huyo nyuma amebeba nini?"

Nikatazama. Nyuma ya pikapu hakukuwa na kitu. Bodi ilikuwa wazi, tupu. Lakini gari lilikuwa limelala nyuma, springi zimeshuka, pua imeinuka juu, mfano wa gari lililopakiwa mawe. Na Lopeyok alikuwa ameinama mbele kwenye usukani, bega la kulia limeshuka, shingo imepinda.

"Usisimame," nikamwambia Pal.

"Sisimami."

Tulipokaribia lagga ile, nikatazama tena. Barabara ilikuwa tupu.

Nakaale alipasuliwa siku hiyohiyo. Mtoto wa kike akatoka akiwa kimya, wakampiga mgongoni, akalia. Nami nikalia naye. Daktari alisema tungechelewa kidogo zaidi angetukabidhi maiti mbili. Sikusahau maneno hayo, na sitaki Lopeyok ayasahau.

Pikapu ilipatikana kando ya lagga, milango wazi, injini baridi. Mwenyewe hakuwemo. Polisi walitafuta, wachungaji wa mbuzi walitafuta. Kisha Inès, mjane wa Anatole, akapata namba yangu kwa madereva, akanipigia simu kutoka Kalobeyei. Alikuwa amekwenda makaburini kusafisha kaburi la mumewe, akamkuta Lopeyok amekaa hapo, midomo imepasuka, viatu vimeisha soli. Kutoka lagga ile mpaka Kalobeyei, hata ngamia huomba kupumzika.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Hana sema kitu," Inès akanong'ona. "Mama Akal, bega yake. Ngozi imetoka yote."

Nililiona bega hilo baadaye kwa macho yangu. La kulia. Limeliwa mpaka nyama, mstari mmoja ulionyooka, kama wa mtu aliyebeba ubao mzito kwa safari ndefu. Niliuliza kule Kalobeyei nani alimwona akifika. Wachungaji wawili walimwona. Walisema alikuwa peke yake, anatembea polepole kwa hatua za kupangwa, na kila mara alikuwa akigeuza kichwa kuwaambia wengine wapunguze mwendo.

Watu wananiambia nimhurumie. Sitaki! Angesema neno moja tu siku ile, moja, mdogo wangu asingesafiri akivuja damu kwenye lori la maji. Nakaale amehamia kwangu na watoto wake wote wawili, na hatarudi kwake nikiwa hai.

Lakini baba ni baba. Mtoto alipofikisha umri wa kutolewa nje, tukamruhusu Lopeyok aje amwone. Alikuja mchana. Alifika mlangoni, akasimama. Akainama kidogo, akainua mkono wa kulia juu ya bega kama anayeshikilia ukingo wa sanduku. Akatazama nyuma, akangoja. Kisha akaingia kwa ubavu, pole pole, hatua kwa hatua, mpaka katikati ya chumba, akapiga magoti, akakaa. Nakaale alimkumbatia mtoto, akamficha uso asimwone baba yake. Lopeyok alikaa hivyo hivyo, halafu akainuka, akatoka vilevile alivyoingia.

Alipoondoka nikaenda kufunga mlango. Fremu yangu ni ya mbao, niliipaka rangi ya bluu mwaka huu. Upande wa kulia, usawa wa bega, rangi ilikuwa imekwaruzwa mpaka mbao nyeupe imeonekana. Nikasema basi, ni yeye, amejigonga. Nikageuka upande wa kushoto.

Kulikuwa na mkwaruzo mwingine, usawa uleule.