Dozi ya Saa Moja Jioni

Damari alikuwa akipepeta alizeti uani kwake Mtinko, lakini mawazo yake hayakuwa kwenye ungo. Zilibaki siku tatu apande ndege kwenda Guangzhou, nchini China. Huko binti yake, Jenifa, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza.

"Hebu nisomee tena hiyo tiketi," alimwambia mumewe.

Gasto akavaa miwani. "Kuondoka Dar es Salaam, saa kumi jioni. Kufika Guangzhou, kesho yake, saa mbili asubuhi."

Damari akahesabu kwa vidole. Saa kumi na sita! Yeye ana kifafa. Humeza kidonge kila baada ya saa kumi na mbili: saa moja asubuhi na saa moja jioni. Mwaka juzi, akiwa msibani Manyoni, alikosa dozi, akaangukia jiko. Kovu bado liko mkononi.

"Na nikianguka nimempakata mjukuu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Afadhali nimeze dozi mbili kabisa, kabla ya kupanda."

"Mbili? Kwani wewe ni debe la kujazwa?" Gasto akasema. "Ngoja nimwite nesi."

Anastazia, muuguzi wa zahanati, aliishi nyumba ya pili. Aliwaamkia shikamoo, akaketi, akaisoma tiketi taratibu.

"Mama Jenifa, usimeze dozi mbili. Dawa ikizidi nayo hudhuru. Tena safari si ya saa kumi na sita. Ni ya saa kumi na moja."

"Kwa hiyo tiketi inadanganya?"

"Haidanganyi. Saa ya kuondoka ni ya kwetu. Saa ya kufika ni ya kwao. Jua huchomoza mashariki, na wao wako mashariki yetu, basi hulipokea kwanza. Saa yao imeitangulia yetu kwa saa tano. Kwao ikiwa saa mbili asubuhi, hapa bado ni saa tisa usiku."

"Kumbe Jenifa hunywa chai sisi tukikoroma!" Gasto akacheka.

"Ndiyo, baba. Angalia na umbali. Kwa njia ya anga ni kama kilomita elfu nane na mia saba. Ndege hukata zaidi ya mia nane kwa saa. Ongeza muda wa kupaa na kutua, unapata saa kumi na moja."

"Na kidonge changu?" Damari akauliza.

"Kidonge hakijui saa ya ukutani. Kinajua muda uliopita tangu umeze kile cha mwisho. Usiibadilishe saa yako ya mkononi. Ikionyesha saa moja jioni, utakuwa angani. Meza. Ikionyesha saa moja asubuhi, utakuwa umefika, na kwao ni saa sita mchana. Meza. Baadaye daktari atakupangia saa za huko. Vidonge viko wapi?"

"Chini ya begi kubwa, katikati ya unga wa ulezi."

"Vitoe! Begi hilo hukaa tumboni mwa ndege, hutalifikia. Viweke kwenye mkoba wako, ndani ya pakiti yake, pamoja na barua ya daktari."

Damari akafanya hivyo. Angani, saa yake ilipofika saa moja jioni, alimeza kidonge bila wasiwasi.

Kesho yake, nyumbani kwa Jenifa, chakula cha mchana kilikuwa mezani. Damari akatazama mkono wake: saa moja kamili.

"Mama, saa yako imebaki nyuma," Jenifa akasema.

"Haijabaki nyuma, mwanangu. Iko Mtinko, na bado nina kazi nayo."

Akameza kidonge, akanywa maji, kisha akanyoosha mikono yote miwili, ule wenye kovu na ule usio nalo.

"Haya, nipe mjukuu wangu."