Mwanamke wa Griftu

"Kuna mwanamke mwingine?"

Istahil aliuliza akiwa mlangoni, mkoba wa kazini bado begani. Swali hilo alikuwa amelibeba siku nzima pale ofisini na hakutaka kulala nalo tena. Yarow, mume wake, alikuwa mkekani akinywa chai. Alikitazama kikombe chake. Jibu la kweli lilikuwepo, lakini hakuwa na mdomo wa kulitoa.

"Yupo," alisema. "Yuko Griftu."

"Unataka kumuoa?"

"Nataka."

Istahil aliutua mkoba chini taratibu, akaingia jikoni, na Yarow akasikia maji yakimwagwa kwenye sufuria ambayo haikuhitaji maji.

Wewe unayesoma, usianze kumtukana Yarow. Ngoja kwanza. Hakukuwa na mwanamke katika mji ule mdogo wa Griftu, wala Wajir, wala popote. Yarow alikuwa anampenda mke wake mpaka wenzake wa soko la mifugo la Garissa walikuwa wakimtania kwamba anafunga biashara mapema kama mtoto anayekimbilia uji. Kilichokuwepo ni ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mahali ambapo mwanaume hapataji.

Ulianza na maumivu kabla ya Ramadhani. Kisha akapapasa kitu kigumu chini ya ngozi, kama punje ya buni. Kisha uume ukaanza kupinda. Kukutana na mke wake kukawa maumivu, halafu kukawa hakuwezekani, halafu vikaanza visingizio: nimechoka, nina safari, mgongo unauma. Mwisho akahamia kulala stoo, katikati ya magunia ya chumvi ya mifugo, na akawa anafunga komeo kwa ndani.

Sasa, mwanaume wa kwetu akioa mke wa pili, wanawake watamsema na wanaume watampa mkono. Lakini mwanaume aliyepinda, huyo atakaa wapi? Hivyo ndivyo Yarow alivyopiga hesabu zake. Mimi nauita ujinga, ila ni ujinga ninaoujua, na wengi wenu mnaujua.

Si kwamba hakutafuta dawa. Wiki chache kabla ya uongo ule alikuwa amekwenda kliniki moja ya binafsi nyuma ya soko. Daktari wa pale alikuwa kijana kutoka Kitui, na Yarow alimchagua kwa sababu hiyo hiyo: hakuwa na ukoo Garissa wa kumpelekea habari.

"Daktari, imebinda," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, p ikimtoka kama b. "Iko na kitu ngumu ndani. Ni kansa?"

Daktari alimpima, akanawa mikono, akaketi.

"Si kansa. Ni kovu. Limejitengeneza ndani ya uume, na penye kovu hapavutiki, ndiyo maana unapinda upande huo. Wanaume wengi wanalo. Hawasemi tu."

"Wengi hata hapa Garissa?"

"Hata hapa."

"Mbona sijawasikia?"

"Kwani wao wamekusikia wewe?"

Daktari akamwonyesha picha za vifaa kwenye simu. Kimoja kilikuwa mrija wa plastiki wenye pampu ya kufyonza hewa. Cha pili kilikuwa fremu ndogo ya vyuma viwili vyembamba, skrubu na mkanda wa mpira, ya kuvuta polepole. Yarow alizikagua picha zile kama anavyokagua ngamia wa kununua, akitafuta kasoro kabla hajaonyeshwa uzuri.

"Kati ya hizi mbili, gani inafanya kazi?"

"Hiki cha kuvuta kimefanyiwa utafiti zaidi. Wapo walionyooka kidogo, wapo ambao hawakuona kitu. Na ni kazi ya miezi, unakivaa saa nyingi kila siku, bila haraka."

"Na hii ya bambu?"

"Ya pampu ushahidi wake ni mdogo zaidi. Ukiitumia vibaya inaumiza."

"Na kisu?"

"Upasuaji ni wa baadaye, kovu likishatulia na maumivu yakiisha. Unanyoosha, lakini unaweza kupunguza urefu."

Yarow alirudi kwenye picha ya kwanza, akaenda ya pili, akarudi tena.

"Daktari, mimi kwa soko nasema huyu ngamia ni mzima, huyu ni mgonjwa. Wewe unasema nini?"

"Nasema sina cha kukuhakikishia. Mke wako anajua?"

"Hajui."

"Mlete tuongee wote. Hii haibebwi na mtu mmoja."

Hilo la kumleta Istahil ndilo pekee alilokataa. Aliagiza kile cha kuvuta kutoka Nairobi, kikaja na basi. Askari wa upekuzi pale stendi alikifungua kifurushi, akauliza vyuma vile ni vya nini, na Yarow akamjibu kwamba ni vya kunyoosha mguu wa mtoto wa ngamia. Askari akamwambia pole, akamwombea ngamia wake apone.

Mpango wake ulikuwa huu: avae kwa siri stoo, anyooke, kisha amwambie Istahil ameachana na yule wa Griftu, maisha yarudi yalipokuwa. Ni mpango wa mtu aliyekwama, lakini ndio pekee aliokuwa nao.

Istahil naye hakukaa bure. Alimpigia simu Wajir adeer Abdimalik, ndugu wa marehemu baba yake, akamwambia hawezi uke wenza na anataka talaka yake. Kisha akamwandikia Arbia, binti wa shangazi yake anayeuza maziwa ya ngamia Griftu. Hao wawili walilelewa nyumba moja na kulala mkeka mmoja. Alimwomba amtafute huyo mwanamke, ajue tu ni nani. Siku ya pili Arbia akajibu:

"Abaayo, dada yangu, nimeuliza mji mzima. Hapa hata mbuzi akiuzwa tunajua. Hakuna mwanamke. Mumeo anakuficha kitu kingine na adeer nimeshamwambia."

Istahil aliusoma ujumbe huo mpaka chai yake ikapoa. Mke mwenzako unaweza kumchukia, unaweza hata kumcheka viatu. Lakini mwanaume anayejisingizia mwanamke asiyekuwepo ili tu mke wake asimkaribie, huyo unamfanyaje? Alijiona kama uchafu. Mara tatu nne alisimama nje ya stoo, akainua mkono kubisha, akaushusha.

Adeer alisema atafika Ijumaa alasiri, na Yarow akapewa habari.

Ijumaa hiyo Yarow alirudi kutoka msikitini akiwa amechanganyikiwa. Siku zilikuwa zimekwisha na chuma hakijafanya lolote. Yeye alikulia kwenye mifugo, na kwa mifugo mguu wa mbuzi uliovunjika ukiufunga kwa nguvu ndipo unapopona. Akaingia stoo, akafunga komeo, akavaa kile kifaa. Akakaza skrubu kupita alama aliyoonyeshwa. Akakaza tena.

Wazee hawakungoja alasiri. Walipata pikapu iliyokuwa inakuja Garissa, wakafika mapema, adeer Abdimalik pamoja na mzee Gelle wa upande wa Yarow. Istahil aliwakaribisha, akawapa chai, akaenda kubisha mlango wa stoo.

"Yarow, wamefika."

"Nakuja."

Hakuja. Adeer akauliza mara ya kwanza, akauliza mara ya pili. Istahil akarudi mlangoni.

"Yarow, unafanya nini humo?"

Ikatoka sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa mume wake.

"Istahil. Haitoki."

"Nini haitoki?"

"Siwezi kukuambia."

"Basi namwita adeer avunje mlango."

"Usimwite. Wallahi usimwite. Ingia wewe peke yako."

Komeo likavutwa. Yarow alikuwa ameshajikokota kurudi juu ya gunia la chumvi, kikoi chake cha macawis amekikusanya magotini, jasho linamdondoka kidevuni.

"Usiangalie," alisema.

"Nitatoaje kitu nisichokiangalia?"

Akaangalia. Aliona vyuma, skrubu, mkanda wa mpira uliozama kwenye uvimbe, na ngozi iliyobadilika rangi. Alishika ukuta.

"Hii ni nini, Yarow?"

"Ni ya kunyoosha. Nimepinda. Kuna kovu ndani. Nimepinda, Istahil, si mwanaume tena."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Na Griftu?"

"Hakuna mtu Griftu."

"Najua. Arbia aliniambia."

Yarow aliinua uso. "Ulijua?"

"Nilijua hakuna mwanamke. Nikadhani ni mimi ninayekuchukiza."

Alipiga magoti, akaanza kulegeza skrubu, kidogo huku, kidogo kule. Kila skrubu ilipozunguka Yarow aliuma kitambaa cha macawis ili sauti isifike kwa wazee. Mkanda ulikataa kabisa, ikabidi akatoe mkasi kwenye sanduku la cherehani, akaukata akiwa amezuia pumzi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniacha."

"Nilikuwa nakuacha hata hivyo."

Hapo Yarow alilia, bila sauti, mkono mdomoni. Istahil alikuwa na hasira ya kumpiga na huruma ya kumkumbatia, na hakufanya lolote kati ya hayo. Kwenye sebule adeer alikuwa anakohoa kile kikohozi cha mtu anayesubirishwa. Alimsaidia Yarow kusimama, akamfunga macawis upya kiunoni kama anavyovishwa mgonjwa, wakatoka.

Adeer Abdimalik hakuzunguka.

"Arbia anasema huyo mwanamke hayupo. Yarow, taja jina la baba yake, tulimalize."

Yarow alitazama mkeka. Kukaa tu kulikuwa kunamuumiza.

"Hutaji? Basi hayupo, na kuna jambo unatuficha. Mama yake Istahil ameniambia hujamkaribia binti yetu tangu Ramadhani. Jumatatu twende kwa kadhi. Huko utaulizwa sababu, na utaisema mbele za watu."

Mzee Gelle alijaribu kusema neno la kumtetea, likamshinda, kwa sababu hakujua anatetea nini. Yarow akafungua mdomo. Istahil, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika, aliona mdomo ule unavyotafuta pa kuanzia, akajua kwamba mume wake akisema, hatakanyaga tena sokoni wala msikitini. Na akajua pia kwamba yeye akisema, atapata talaka yake leo leo, tena kwa heshima, na hakuna atakayemlaumu.

"Adeer, mwanamke yupo."

Wote watatu waligeuka.

"Arbia amedanganya?"

"Hakumuuliza wa kumuuliza. Mimi nimeongea naye kwa simu. Ni mimi niliyemwambia Yarow asimtaje baba yake hapa. Nimekubali, adeer. Talaka siitaki tena."

Adeer akasema kwamba ametolewa Wajir kwa jua hili kwa jambo la watoto, na kwamba wanawake wa siku hizi hawajui wanachotaka, akaomba chai nyingine. Mzee Gelle alifurahi mno. Alimshika Yarow mkono kwa mikono yake yote miwili, akampa hongera ya mke mpya, na Yarow ikabidi aipokee.

Jioni hiyo kwenye simu ya Istahil uliingia ujumbe mmoja wa Arbia, ambaye adeer alikuwa ameshampigia.

"Umenifanya mwongo mbele ya wazee. Usinipigie tena."

Aliandika, "Nisamehe abaayo." Alitaka kuandika zaidi, lakini kila neno lililofuata lilikuwa la Yarow, si lake kulitoa. Ujumbe haukufika. Arbia alikuwa ameshaifungia namba yake.

Siku iliyofuata walikwenda kliniki pamoja. Daktari alimgombeza Yarow vikali, akasema angeweza kujiharibu moja kwa moja, apumzike mpaka uvimbe na rangi virudi sawa, ndipo aanze upya, polepole, na mke akiwepo. Istahil alisikiliza yote na akauliza swali moja tu.

"Itanyooka?"

"Sijui, mama. Nisikudanganye."

Alimheshimu kwa jibu hilo, na njia nzima ya kurudi alitamani angedanganywa.

Siku hizi Yarow anaivaa fremu ile akitoka sokoni mchana. Istahil hutoka ofisini, huja kuketi naye stoo, juu ya magunia yale yale. Yeye ndiye anayezungusha skrubu, kwa sababu Yarow hajiamini tena. Anaifunika kwa macawis, wanaongea habari za bei ya mbuzi, na adhana ikiadhiniwa wanaivua. Kama kuna kilichobadilika, hakuna kati yao anayeweza kuapa. Asubuhi moja wanaona nafuu, asubuhi nyingine wanaona wamejidanganya.

"Na isiponyooka?" Yarow aliuliza juzi.

"Sijui."

"Utakaa?"

"Si niko hapa?"

Mara sauti ikabisha hodi uani. Alikuwa Nasteho, jirani. Istahil akatoka na kuurudisha mlango nyuma yake, lakini ukuta wa stoo ni wa mabati na Yarow alisikia kila neno.

"Yarow yupo? Kuna mtu anamuulizia mbuzi."

"Hayupo."

"Ameenda tena Griftu?"

"Ameenda."

"Pole, abaayo. Na wewe ulivyokonda. Huyo mwanamke atakumaliza."

"Nitafanyaje? Nimeshakubali."

Nasteho alisikitika, akasema wanaume hawana shukrani, akaondoka. Istahil alisimama uani kidogo, akajifuta macho na ncha ya shungi. Kisha akarudi stoo, akaufunga mlango na kusukuma komeo, akakaa karibu na mume wake.