Nyuzi za Bandi

Soko la Barras, mjini Glasgow, lilikuwa limefurika watu Jumapili ile ya mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa imekatika, vitunguu vinakaangwa pembeni, na makoti yaliyolowa yananuka kama mbwa. Mbele ya kioo kilichopasuka alisimama Dessie McGarvey, amefunga kilti, ile sketi ya kiume ya sufu yenye marinda, juu ya suruali yake ya jinzi, anajitazama kwa jicho la fundi anayetazama injini asiyoijua.

"Imekukaa!" muuzaji alimsifia. "Kama umezaliwa nayo."

"Mbona marinda yako mbele?"

"Ndiyo mtindo wa sasa."

Mtu alicheka nyuma yake. Dessie akageuka. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na tisa, koti la njano, nywele nyekundu amezibana kwa penseli, vidole vina vumbi la chaki.

"Samahani, kaka," alisema. "Marinda hukaa nyuma. Umeigeuza."

Dessie akaizungusha. "Sasa je?"

"Sasa sawa. Limebaki tatizo moja tu. Inafungia kushoto. Hiyo ni sketi ya mwanamke, na nikiangalia kiuno, alikuwa mama mwenye afya zake."

"Ishbel!" muuzaji alilalamika. "Kila Jumapili! Niache nami nile."

Dessie aliivua haraka mpaka karibu avue na jinzi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, fundi wa lifti, mabega mapana, nywele zimeanza kumkimbia, na hajawahi kuvaa kilti maishani. Watu wa mbali hudhani kila mwanaume wa Glasgow hutoka nayo tumboni. Uongo. Babu zake walitoka Ireland kuja kuchimba gati za bandari, na nyumbani kwao kilti ilikuwa nguo ya askari, ya matajiri, na ya walevi wa harusini.

"Unaitakia nini?" Ishbel alimuuliza walipokuwa wanakunywa chai wima, vikombe vya karatasi vinawaunguza.

"Dada yangu Bernie anaolewa mwezi wa sita. Baba hayupo, kwa hiyo mimi ndiye nitakayemwingiza kanisani. Mchumba wake ni mtu wa kaskazini, ukoo mzima wanavaa, mpaka vikongwe. Bernie ameniambia nikija na suruali watadhani nimekuja kutengeneza lifti."

"Kakodi basi. Kila mtu anakodi."

"Sitaki ya kukodi. Nimeicheka nguo hii miaka yote. Kama nitaivaa, nataka nijue ni kitu gani hasa."

Ishbel alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshona kilti miaka kumi na saba, na wateja humuuliza bei na siku ya kuchukua. Hakuna aliyewahi kusema anataka kujua.

"Duke Street," alisema, "juu ya duka la mikate, ghorofa ya pili. Njoo Jumanne. Na usivute tumbo ukija."

*

"Piga magoti," Ishbel alimwambia Jumanne hiyo.

"Nini?"

"Magoti. Pale sakafuni, kwenye alama ya chaki. Urefu wa kilti hatuupimi mtu akiwa amesimama. Akisimama anainama kujiangalia, vipimo vinaharibika. Ukipiga magoti, pindo linatakiwa liishie kidogo tu kabla ya sakafu."

Dessie alipiga magoti. Mbao zilikuwa za moto, joto la tanuri la mikate linapanda kutoka chini. "Hata kanisani sikumbuki lini nilipiga magoti."

"Tulia. Unavuta tumbo."

"Sivuti."

"Unavuta. Harusini utakula au hutakula?"

Akaliachia. Ishbel akacheka, akaandika namba.

Kwenye kuchagua kitambaa Dessie alikwama. Kila ukoo wa maana una miraba yake na rangi zake. McGarvey hawakuwa na kitu.

"Kitambaa hakiulizi babu yako alishuka meli gani," Ishbel alisema. "Chagua unachokipenda."

Akachagua cha rangi ya kutu chenye mstari mwembamba wa kijani. Kilimkumbusha nyaya za lifti za zamani, ila hilo hakulisema. Alilisema wiki mbili baadaye, alipokuwa ameshaanza kupita kila jioni baada ya kazi na mfuko wa maandazi ya jamu kutoka duka la chini, kila siku na sababu mpya. Mara amekuja kuuliza soksi. Mara ule mkoba wa ngozi wa mbele hufungwa vipi. Mara, anasema, alikuwa anapita tu.

"Unapita unaenda wapi? Nyumbani kwako ni upande wa pili wa mto."

"Nimepotea njia. Endelea, nionyeshe hapo unapokunja."

Akamwonyesha. Zaidi ya mita saba za sufu nzito zinakunjwa rinda juu ya rinda mpaka zinaenea kwenye makalio ya mtu mmoja, na ukitazama kwa nyuma miraba inaendelea sawasawa, kama kitambaa hakijawahi kukunjwa. Dessie alifunua rinda kwa kidole, akachungulia ndani, akalirudisha, akafunua jingine.

"Chote hiki umekificha humu?"

"Ndiyo kazi yenyewe. Kinachoonekana ni kidogo. Hicho kilichojificha ndicho kinachocheza ukitembea."

"Una akili, fundi."

"Na wewe una jamu kidevuni, fundi."

Usiku walianza kupigiana simu. Kilti ilitajwa dakika mbili za kwanza, kisha ikasahaulika. Ishbel alimweleza juu ya mume wake wa zamani, aliyekuwa anasema mlio wa sindano unamkera masikioni. Dessie naye alimweleza kwamba tangu mama yake afariki hajawahi kupika chakula cha watu wawili. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno la mapenzi. Walikuwa watu wazima, na watu wazima ni waoga kuliko vijana.

Jumatatu ya wiki ya harusi, Dessie alijikaza kwenye simu.

"Ishbel. Jumamosi, harusini... njoo na mimi."

Alisikia mkasi ukiwekwa mezani. Ishbel alikuwa ameketi anatafuta maneno, na maneno yaliyomjia yalikuwa ya kazi, kwa sababu ndiyo aliyoyazoea.

"Njoo Jumamosi saa tatu asubuhi," alisema. "Nyuzi nitazitoa mwenyewe."

"Haya," Dessie akajibu, akakata simu akiwa hajui amejibiwa nini.

Siku ya pili alimsimulia Tam Boyle, mwenzake wa kazi, wakiwa wamekaa juu ya lifti iliyoharibika katika jengo la ghorofa ishirini.

"Ngoja," Tam alisema na mkate mdomoni. "Umemwomba aje harusini, yeye akakujibu habari za nyuzi?"

"Ndiyo."

"Bwana wee. Hiyo ni hapana. Tena hapana ya heshima. Wewe ni mteja wake, basi. Usiende kujidhalilisha asubuhi ya harusi ya dada yako. Ijumaa napita Duke Street, nitakuchukulia."

Dessie alikubali. Alijua ni uoga, akakubali hivyo hivyo.

Ijumaa, Ishbel alipofungua mlango, alimkuta Tam anatafuna pipi.

"Nimetumwa mzigo wa McGarvey."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Ana mambo mengi. Kasema hakuna haja ya kuja tena."

Hayo ya mwisho Dessie hakuyasema. Tam aliongeza mwenyewe ili rafiki yake aonekane mwanaume. Ishbel alimtazama, kisha akalitazama gauni la bluu lililotundikwa nyuma ya mlango, limepigwa pasi. Akaikunja kilti, akaitia kwenye begi, akampa. Akafunga mlango.

*

Jumamosi jua liliwaka, jambo la kushangaza pale mjini. Dessie alimwingiza Bernie kanisani, soksi zimepanda, kisu kidogo kimechomekwa kwenye soksi ya kulia kama inavyotakiwa. Bernie alimbana mkono. "Umependeza, mbwa wewe," alinong'ona, machozi yanamlenga. Ila Dessie aliona kitu hakiko sawa. Alitegemea ile nguo icheze. Ilikuwa ngumu, imemkaa kama bati.

Na nyuma yake watu walikuwa wananong'ona.

Kwenye ukumbi wa klabu ya mchezo wa kuviringisha matufe kwenye majani, supu ilipokwisha, shangazi mmoja wa bwana harusi alimsogelea. Mama mfupi, kofia ya manyoya.

"Mwanangu, umevaa kilti lini mara ya mwisho?"

"Leo ndiyo ya kwanza, mama."

"Nimeona. Hujatoa bandi."

"Bandi gani?"

Yule mama alimgeuza mbele ya kioo cha mlangoni. Kutoka kiunoni mpaka pindoni, juu ya marinda yote, mistari ya nyuzi nyeupe ilipita mlalo, ile mishono mirefu ya muda ambayo fundi hushonea ili marinda yasitawanyike wakati wa pasi. Mtoto mdogo wa kule kaskazini anajua huwa inatolewa kabla ya kuvaa. Dessie alikuwa ametembea nayo kanisa zima, mbele ya watu mia moja na ishirini.

Wanaume wa kaskazini walicheka mpaka wakashikana mabega. "Amevaa na karatasi yake ya dukani!" mmoja alipiga kelele. Mwingine aliuliza kama chini nako nyuzi zimefungwa, na wanawake wakacheka zaidi.

"Nipe mkasi nikutolee," shangazi alisema. "Dakika mbili tu."

"Hapana. Asiguse mtu."

Alilisema kwa ukali mpaka akajishangaa. Akatoka nje, akasimama ukutani, akapiga simu.

"Umeniaibisha, Ishbel."

"Hukuja."

"Nije wapi?"

"Saa tatu, Jumamosi! Nilikwambia nitatoa nyuzi mwenyewe. Unadhani nilitaka uje asubuhi ya harusi nikuvutie uzi tu? Ningekuwa nimeshavaa, Dessie. Tungetoka pamoja. Gauni liko hapa mlangoni tangu Jumatano."

"Nilikuomba uje harusini, ukanijibu nyuzi!"

"Na wewe ukanijibu Tam Boyle!"

Wote wawili wakawa wanahema kwenye simu. Ndani, mtu alianza kupiga akodiani.

"Umeikalia?" Ishbel aliuliza, sauti imeshuka.

"Kanisani. Na kwenye supu."

"Usiikalie tena. Na mtu asiitie mkasi, watakata sufu."

"Nimeshawakatalia."

"Umewakatalia?"

"Nimesema asiguse mtu."

Ishbel akalitungua gauni. Kisha akasema, "Simama hapo hapo."

Alifika kwa miguu, viatu vya kisigino mkononi, gauni la bluu, kastabini kidoleni, penseli bado kichwani. Alikuwa ameisahau. Hawakusalimiana.

"Geuka. Shika ukuta."

Dessie akashika ukuta. Ishbel akapiga magoti nyuma yake kwenye majani, akaanza na uzi wa chini. Ilikuwa rahisi zaidi kuongea namna hiyo, hakuna anayemwona mwenzake usoni.

"Sikusahau kumwambia Tam habari za nyuzi," Ishbel alisema. "Nilifunga mdomo makusudi. Nilitaka uaibike kidogo."

"Kidogo? Mashangazi wamepiga picha."

"Toka asubuhi sijala. Nilikuwa nahesabu: sasa anaingia kanisani, sasa wanamwona."

"Na mimi sikuwa na mambo mengi jana. Niliogopa tu."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba nikija utanitolea nyuzi, utanipa risiti, na maandazi yangu yameishia hapo."

Mkono wa Ishbel ulisimama. Akavuta uzi mwingine, mrefu, polepole. "Mjinga wewe," alisema kwa upole. "Hebu tembea."

Dessie alipiga hatua mbili. Nyuma yake kitu kilifunguka. Uzito uliteleza kushoto, ukarudi kulia, ukampiga magotini nyuma kama kiumbe hai kilichoamka. Alisimama, akapiga hatua tena, akajizungusha, uso umemjaa mshangao wa mtoto.

"Ni nini hiki?"

"Ndiyo kilti. Ulichovaa tangu asubuhi kilikuwa kifurushi."

"Kumbe hivi ndivyo inavyokuwa! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ni lazima uivae."

Bernie akachungulia mlangoni, shela imekaa upande. "Dessie! Ngoma ya kwanza inaanza. Na huyo mwenye penseli kichwani ni nani?"

"Fundi wangu," alisema Dessie, na masikio yakamwiva.

Walicheza mpaka viatu vya Ishbel vikapotea. Shangazi mwenye kofia ya manyoya alikagua marinda kila Dessie alipozunguka, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Wakati wa kuagana, Ishbel alimvuta mkono.

"Uzi mmoja umebaki. Sikuufikia, uko ndani kabisa. Niletee hiyo kilti Jumatatu saa tatu. Safari hii uje mwenyewe."

Dessie alifika saa mbili na nusu. Alikuwa ameivaa ile kilti pamoja na shati la kazini na buti za kazini, na watu wa duka la mikate wote walitoka nje kumtazama akipanda ngazi.

"Jana kutwa nimeutafuta," alisema mlangoni. "Nimefunua rinda moja moja, yote ishirini na saba. Hakuna uzi, Ishbel."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa umekuja kufanya nini, kama ulijua hakuna?"

Dessie akaingia ndani. Alitembea mpaka kwenye ile alama ya chaki sakafuni, akapiga magoti. Pindo likaishia kidogo tu kabla ya mbao, kama lilivyopimwa.

"Sina pete," alisema. "Kwa masonara bado kumefungwa. Lakini nimepiga magoti hapa mara moja kwa sababu uliniambia. Leo hujaniambia."

Ishbel aliweka mkasi chini. Akaingiza mikono kwenye mifuko ya aproni.

"Unavuta tumbo," alisema.

"Sivuti."

"Unavuta, Dessie."

Akaliachia. Ndipo Ishbel alipopiga magoti mbele yake, kwenye chaki ile ile, akamwambia ndiyo. Safari hii alilitamka neno lenyewe.