Siagi kwa Wafu wa Lhota

Jioni ya Siku ya Marehemu Wote nilikwenda dukani kununua siagi. Giza lilikuwa limeshakaa juu ya bwawa na ukungu umefika barabarani, kwa hiyo nilitembea nikishika ukuta, kama tunavyofanya sisi wazee tusioiamini tena miguu yetu.

Duka la hapa Lhota ni la Hedvika, jirani yangu, mwanamke mwenye mdomo usiolala. Aliponiona tu, akakata siagi kabla sijasema neno.

“Nusu kilo nzima, shangazi Apolena, na unaishi peke yako. Mimi nikila hivyo nitapita mlangoni kwa ubavu.”

“Mbona tayari unapita kwa ubavu,” nikamjibu.

Akacheka. Kisha akawa anaifunga karatasini pole pole, macho chini. “Ni ya taa, siyo?” akanong'ona. “Padri kasema tuache mambo hayo.”

“Padri hana mtoto.”

Alinipa siagi yangu, akanisindikiza hadi mlangoni kwa macho tu.

Mambo hayo nilifundishwa na bibi yangu. Jioni hii roho hupewa ruhusa ya kutoka toharani, kengele ya kanisa dogo ikishalia, nazo hurudi kwao kutazama nani bado anazikumbuka. Hurudi zimeungua. Ndiyo maana taa ya jioni hii haitiwi mafuta, hutiwa siagi, ili mwenye majeraha ajipake, na mezani huwekwa bakuli la maziwa baridi. Vijana wanaona upuuzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nafanya kwa mazoea tu, mpaka mgodi ulipowaka.

Blažej alikuwa mtoto wangu wa pekee. Alikwenda Ostrava kuchimba makaa ya mawe kwa sababu hapa hatuna cha kumpa kijana zaidi ya viazi na bata bukini. Alikuwa mrefu, masikio yametoka nje kama vishikio vya chungu, na akicheka hucheka kwa pua. Moto ulilipuka chini huko zamu nzima ikiwa kazini. Waliniletea jeneza lililopigwa misumari. Wanaume wawili waliolileta walivua kofia, mmoja akasema, “Usilifungue, mama. Mkumbuke alivyokuwa.” Nikatii. Tukamzika nyuma ya kanisa dogo, mahali penye jua la asubuhi.

Mwaka ule wa kwanza nilitia siagi kwenye taa, nikaketi kona ya jiko nikingoja.

Kengele ililia. Ikanyamaza.

Halafu buti... pole pole, kwenye kokoto za uani.

Mlango haukugongwa. Ulifunguka wenyewe, na harufu ikatangulia kuingia: moshi wa makaa, sufu mbichi iliyoungua. Kijana akaketi mezani, mgongo wake kwangu. Akazamisha vidole kwenye siagi ya taa, karibu kabisa na utambi, na moto haukumfanya kitu. Akawa anajipaka mikono. Alikuwa akiguna kidogo kidogo, kama mtu anayepata nafuu.

“Blažej,” nikasema. “Mwanangu.”

Akageuka.

Hakuwa Blažej.

Alikuwa kijana wa watu, mfupi, mabega mapana, mkono wa kushoto hauna kidole kidogo. Alinitazama bila ubaya wowote. Woga wangu ulikuwa mkubwa, lakini uchungu ulikuwa mkubwa zaidi.

“Mama,” akanong'ona, “hapa ni Lhota?”

“Ni Lhota.”

“Mbona bwawa limehamia upande ule?”

Na hapo, nikiwa nimeshikilia ukingo wa jiko, nikaelewa.

Katika nchi hii ukitupa jiwe litaangukia Lhota. Ziko mamia. Kwenye ramani zina majina ya nyongeza, Lhota Ndefu, Lhota Nyekundu, Lhota ya chini ya mlima fulani, lakini mtu aliyezaliwa Lhota husema Lhota, basi. Kila moja ina kanisa dogo, ina bwawa, ina mti mkubwa wa kivuli mbele ya baa. Huyu kijana alikuja kwangu kwa sababu mifupa yake imelazwa hapa. Niliyekuwa nikimpelekea maua na mishumaa alikuwa mtoto wa mama mwingine. Na wangu yuko wapi?

Nilipanda treni nikaenda mgodini kuuliza. Bwana mmoja mwenye tai aliniketisha, akaniletea chai. Alikuwa mpole, simlaumu. “Zamu ile ilikuwa na watu kadhaa wa Lhota, mama,” akasema. “Na huko chini hakukuwa na sura za kutambua. Waache wapumzike.”

Wapumzike. Ningemwonyesha anavyopumzika yule kijana, akitetemeka mezani kwangu, akiulizia bwawa.

Alirudi mwaka wa pili, akarudi na wa tatu. Nilizoea. Sioni haya kusema nilimpenda. Nyumba yenye mtu mmoja ina kimya kibaya, na yeye alikuwa akiimba kwa kuguna alipokuwa akijipaka, na akiondoka husema, “Usiku mwema, mama.” Nilijiambia kwamba ikiwa mimi namtunza wa mwenzangu, basi huko aliko wangu kuna mwanamke anayemtilia siagi. Wazo hilo ndilo lililonifanya nilale.

Sasa turudi kwenye jioni niliyoanza nayo, nikitoka kwa Hedvika na siagi yangu kwapani.

Karibu na kanisa dogo palikuwa na mwanamke amesimama. Alikuwa wa umri wangu, kitambaa cheusi kichwani, hana mzigo. Nilidhani ameachwa na basi.

“Samahani, dada,” akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba sana. “Hapa ni Lhota?”

“Lhota ipi unayoitafuta?”

“Yoyote. Nimeshapita nyingi, sizihesabu tena. Namtafuta kijana wangu aliyefia mgodini. Waliniletea mtu, dada, lakini si yeye.”

Hakuna aliyewahi kuniambia maneno yale ambayo nilikuwa nikijiambia mwenyewe jikoni. Nilimshika kiwiko. Kilikuwa baridi, lakini Novemba hapa kila kitu ni baridi. Nikampeleka nyumbani.

Hakutaka kusogea karibu na jiko. Hakugusa chai. Aliketi kwenye benchi karibu na mlango, viatu vyake vimejaa tope la barabara nyingi, akinitazama nikijaza taa.

“Na wewe unatia siagi,” akasema.

“Bibi yangu alitia.”

“Wangu pia.”

Nikakaa mbele yake. Nilitaka kumuuliza jambo moja tu. “Huyo waliyekuletea,” nikasema hatimaye. “Anakuja kwako? Ni mrefu? Masikio yake yamesimama? Anacheka kwa pua?”

Aliielewa njaa yangu ya kumpata mwanangu, nayo ikamsikitisha.

“Hapana, dada. Ni mzee. Ana masharubu meupe, anakohoa. Naye anaitafuta Lhota yake.”

Nililia hapo hapo mezani, mbele ya mgeni, bila kujificha. Miaka yote nilidhani ni vijana wawili waliobadilishana makaburi, kwamba nikimpata mama wa huyu nimempata wangu. Kumbe walichanganywa wote. Yeye hakunibembeleza. Alingoja nimalize, akauliza kwa sauti ya chini:

“Na wa kwako, dada? Anayekuja hapa yukoje?”

Nitasema ukweli. Nilitaka kumdanganya. Nilitaka kusema anayekuja ni mzee, au mwanamke, au hakuna anayekuja kabisa. Nilikuwa nimeshapoteza mtoto mmoja, na huyu wa kuguna nyimbo ndiye pekee aliyeniita mama. Neno “hakuna” lilikuwa tayari mdomoni.

“Wangu,” akaendelea, kabla sijajibu, “alikatwa kidole na mashine ya kukatia majani akiwa mdogo. Nilikimbia naye kwa daktari nimemfunga kwenye aproni. Kidole kidogo... cha kushoto.”

Kengele ikaanza kulia.

“Kaa,” nikamwambia. “Kaa hapo hapo. Anakuja.”

Kengele ikanyamaza. Ukungu ulikuwa umefunika dirisha lote na taa ilinuka siagi.

Buti...

Kwenye kokoto.

Mlango ukafunguka, na moshi ukaingia, na sufu mbichi. Alipita mbele ya mama yake bila kumwona, kwa sababu alikuwa amezoea kwenda moja kwa moja kwenye taa. Akaketi. Akanyoosha mikono ile iliyobabuka.

“Prokop,” akasema yule mwanamke.

Mikono ikasimama hewani.

“Prokop. Umekonda.”

Sijawahi kusikia sauti kama aliyoitoa yule kijana, na siombi kuisikia tena. Mama alipiga magoti mbele yake. Akachota siagi kwa kiganja, akampaka vidole kimoja kimoja, na pale kisipokuwepo kidole akapaka vile vile. Alikuwa anamnong'oneza habari za nyumbani, jinsi mbuzi alivyozaa, jinsi bwawa lilivyo pale pale lilipokuwa. Nilisimama kando kama mtumishi. Nilifurahi kwa ajili yao, na niliwaonea wivu.

Alipomaliza, akachota siagi nyingine. Akavua viatu vyake.

Akaipaka miguu yake mwenyewe.

Nyayo zilikuwa zimelika. Mifupa myeupe ilionekana. Hapakuwa na damu hata tone, na kwenye sakafu yangu niliyoipiga deki asubuhi, kutoka mlangoni hadi pale alipopiga magoti, hapakuwa na alama ya tope.

Aliniona nikitazama. “Barabara ni ndefu, dada,” akasema, kama anayeomba radhi.

Wakainuka. Akamshika mwanawe mkono, wakatoka pamoja. Kijana alisimama kizingitini, akageuka. Nilingoja neno langu la kila mwaka.

“Asante, shangazi,” akasema.

Shangazi. Nikabaki na bakuli la maziwa na taa inayofuka.

Asubuhi Hedvika aliniletea maandazi ya mbegu za popi, jambo ambalo halifanyi bila sababu. Alizungukazunguka jikoni, mwisho akauliza, “Jana pale kanisani ulikuwa unasali, shangazi? Ulisimama peke yako muda mrefu, mkono umeunyoosha hivi.”

“Nilikuwa nasali,” nikasema.

Majira ya kuchipua nilipanda mabasi. Yule mwanamke alikuwa amenitajia machimbo ya mawe juu ya kijiji chao, kwa hiyo niliuliza Lhota kwa Lhota mpaka nikafika kwenye ile ya machimbo. Kwenye nyumba ya akina Prokop nilimkuta mkamwana, mke wa ndugu yake Prokop, akianika nguo. Mama mkwe alishafariki, akasema. Majira ya baridi yale yale baada ya mazishi ya kijana. Alikuwa akitoka kutembea kwenye theluji, kila siku mbali zaidi, hawakujua anakwenda wapi.

“Mnawasha taa ya marehemu?” nikamuuliza.

“Sisi? Hayo yalikuwa mambo yake.” Akabana nguo nyingine kwenye kamba, kisha akasogea karibu, sauti ikashuka. “Lakini kuna kitu, shangazi. Kila Novemba, banda la nyasi... kuna mtu anakohoa. Mume wangu anasema ni paka. Paka anakohoa hivyo?”

Nilimwomba anipeleke makaburini. Jina la Prokop limechongwa vizuri kwenye jiwe, na chini yake yuko mzee mwenye masharubu meupe asiyejua alipo. Nilimwombea, kisha nikamwambia mkamwana aweke taa bandani, na jinsi ya kuijaza. Sijui kama anafanya.

Kwangu haji mtu tena. Novemba iliyofuata niliacha mlango wazi mpaka jiko likazimika, na siagi ikaganda bila kuguswa. Kaburi la nyuma ya kanisa dogo bado nalipalilia, ingawa aliyekuwamo ameondoka na mama yake.

Mwaka huu kifua changu ni kibaya. Daktari husema maneno marefu, Hedvika husema nile zaidi, na mimi najua ninachojua. Sitalala kimya hapa, hilo nimeshaliona. Nitakuwa barabarani. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoishi kwenye Lhota nyingine, zote, zilizo mlimani na zilizo bondeni. Jioni moja ya Novemba mkisimamishwa na bibi kizee asiye na mzigo, akawauliza hapa ni Lhota, msimkimbie. Ana swali moja tu. Mwambieni kama yuko kwenu kijana mrefu, mwenye masikio yaliyosimama.