Gitaa la Kihispania kwa Karamu ya Annah

Nanjala alisukumwa na umati wa River Road, Nairobi, hadi mlangoni mwa duka la santuri, na hapo nusura agongane na kijana aliyekumbatia gramafoni kama mtoto mchanga.

"Pole, dada! Lakini afadhali uanguke wewe kuliko hii."

"Ati nini?"

"Wewe utainuka ujipanguse vumbi. Hii ikianguka, tajiri wangu atanitoa roho."

Nanjala akacheka bila kupenda. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi katika hospitali kubwa ya kilimani, msichana wa Kibukusu, na mchana huo wa Jumatano alikuwa amevaa gauni la samawati lenye mkanda mweupe. Kijana naye, Muthama, alikuwa Mkamba mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka vyema. Tajiri wake, Mhindi wa Parklands, alimwachia duka kila mchana akaenda kula kwake.

"Nataka muziki wa karamu," Nanjala alisema walipokwisha kuambiana majina. "Jumamosi alasiri tunamuaga mwenzetu Annah, anarudi kufanya kazi kwao. Matroni ametupa ukumbi, lakini hataki nyimbo zenye maneno asiyoyaelewa."

Muthama hakuhitaji kuelezwa zaidi. Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, Hali ya Hatari haijaondolewa, na wimbo wa kienyeji ungeweza kumtia mtu mashakani.

"Basi umefika," alisema, macho yakimng'aa. "Kuna sanduku limeletwa juzi. Flamenko, dada! Gitaa la Wahispania, halina neno hata moja."

Aliweka santuri ya kwanza. Gitaa lilianza polepole, sauti moja, kimya, kisha nyingine, kama mtu anayesimulia msiba huku akimeza machozi. Nywele za Nanjala zilimsisimka. Akatazama sakafu mpaka santuri ikaisha.

"Una nyingine?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Ya pili ilikuwa rumba. Nyuzi zilikimbizana, makofi yakapigwa, visigino vikagonga mbao, na mguu wa Nanjala ukaanza kujibu wenyewe.

"Hii! Hii ndiyo ya Jumamosi."

Muthama alikunja uso. "Hii ni kelele tu. Ile ya kwanza ndiyo muziki wenyewe. Lakini haya, wauguzi wanataka nini zaidi ya kurukaruka?"

Alisema kwa utani, ila neno lilikuwa limekwisha kutoka.

"Kumbe sisi ni watu wa kurukaruka!" Nanjala alichukua mkoba wake. "Tunashinda tukiosha vidonda na kufunika maiti, kisha Jumamosi tuje tulizwe na gitaa lako? Kaa na santuri zako, bwana."

Akatoka, visigino vyake vikigonga sakafu kuliko vya Wahispania.

Kesho yake jioni simu ya bweni ililia. Peres, Mjaluo aliyelala kitanda cha pili, aliipokea, akaziba kinywa cha simu kwa kiganja.

"Nanjala! Kuna mwanamume. Anasema yeye ni mjinga wa River Road."

Nanjala alishuka ngazi bila haraka, moyo ukimwenda mbio.

"Unasemaje, mjinga?"

"Nimekosa, dada. Nimeisikiliza ile rumba yako mara nne. Si kelele."

"Mara nne tu?"

"Tajiri amerudi akaizima." Muthama alikohoa. "Nilitaka upende ninachopenda mimi. Nikasahau kukuuliza unapenda nini."

"Basi uliza."

"Unapenda nini, Nanjala?"

Alikuwa hajamwita kwa jina. Nanjala aliegemea ukuta.

"Ile ya polepole. Tangu jana haijanitoka kichwani. Lakini karamu si yangu, Muthama. Annah amelia wiki nzima. Nataka acheke."

"Sikulifikiria hilo," Muthama alisema taratibu. "Nitakuja nazo Jumamosi. Nitamwomba tajiri. Ukisema weka, naweka. Ukisema toa, natoa."

"Na shati lako lile la pasi?"

"Nilivae?"

"Livae," Nanjala alisema, akakata simu kabla hajasikika akicheka.

Jumamosi Muthama alifika saa tisa, jasho likimtiririka kwa kubeba gramafoni kupanda mlima. Nanjala alichagua santuri moja baada ya nyingine: kwanza nyepesi, watu wanywe chai, kisha yenye makofi, kisha rumba. Wasichana hawakujua Wahispania huicheza vipi, wakaicheza kwa mabega, kila mmoja kwa mtindo wa kwao. Annah alicheka mpaka akavua viatu. Hata matroni, aliyekuja kuchungulia, alisimama mlangoni akigongagonga kidole kwenye kikombe chake.

Muthama hakuitazama gramafoni. Alimtazama Nanjala, namna alivyowasoma wenzake nyuso kabla ya kunyoosha mkono kuchukua santuri nyingine.

Vikombe vilipokuwa vikioshwa, alimfuata uani.

"Una kaka hapa mjini?"

"Zadock. Wa nini?"

"Nataka kumwona. Nataka kukuoa, Nanjala. Nikizunguka nitaharibu tena maneno."

Nanjala alikausha mikono kwa aproni polepole. Alijua kanuni za bweni: mwanafunzi akiolewa, anafungasha virago.

"Nimebakiza miezi kumi na minne, Muthama. Siachi kazi hii kwa ajili ya mtu yeyote. Hata wewe."

"Nani amekwambia uache?"

"Utangoja?"

"Nitangoja. Lakini nitapiga simu kila Alhamisi, Peres atachoka nami."

Nanjala alihesabu kwa vidole kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza.

"Basi Oktoba mwaka kesho," alisema. "Lakini Zadock nenda ukamwone kesho. Anakaa Kaloleni. Usimwambie nimekubali, mwache afikiri ameamua yeye."

Akamshika mkono palepale uani, jua likiwaka, matroni akiwatazama dirishani.