Wa Kwanza Kumwogesha

Shangazi Orvokki alinitupia taulo, akanisukuma mlangoni niende sauna, kibanda cha kuogea mvuke kilicho nje ya nyumba. Ilikuwa saa tisa alasiri, mkesha wa Krismasi, na kwetu Savo, mashariki mwa Finland, saa hiyo jua limeshazama.

"Kaoge upesi," alisema. "Mimi nimeshaoga. Ukimaliza, mwaga kata moja ya mwisho kwenye mawe, waachie maji kwenye ndoo, funga mlango. Na usirudi tena mle, Sirkku. Umenisikia?"

"Nawaachia akina nani, shangazi? Panya?"

"Wenye zamu yao."

Nilicheka. Nilikuwa nimetoka Helsinki alfajiri, saa sita nzima kwenye treni na basi, miguu imeumuka kama mkate. Mume wangu Ilari alibaki mjini kuendesha katapila la kuzoa theluji. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili kabla ya hiyo zilitoka, kwa hiyo hii niliibeba kwa hofu, hata ngazi nilizipanda nikihesabu. Wafu sikuwaogopa. Niliogopa kumpoteza mtoto, basi.

Hayo ya wafu nayajua tangu utotoni. Mkesha wa Krismasi wanaume huoga kwanza, kisha wanawake, na mvuke wa mwisho ni wa waliokufa. Lakini mimi ni dereva wa tramu. Kwangu sauna ni sauna.

Nikaoga polepole, mlango nimeuacha wazi kidogo ili joto lisinizidi. Mtoto alicheza tumboni. Nje theluji ilianguka kwa fujo, kisha ikakatika. Nikamwaga kata ya mwisho, nikajaza ndoo, nikavaa joho na mabuti, nikarudi nyumbani. Shangazi hakuwapo. Uji wa mchele ulikuwa unatokota peke yake.

Nilipotaka kusoma ujumbe wa Ilari kwenye simu, ndipo nikajua sina miwani. Nilikuwa nimeisahau dirishani kule sauna. Bila miwani, mtu aliye hatua tatu mbele yangu namwona kama ukungu tu.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikarudi.

Nilikuwa chumba cha kuvulia nguo niliposikia.

Sssss...

Maji kwenye mawe ya moto. Nikafikiri, kumbe shangazi! Ananikataza mimi, halafu anakuja kujiibia mvuke wa pili. Nikafungua mlango natabasamu.

Taa ilikuwa imezimwa. Juu kabisa, kwenye ubao wa karibu na dari, katika mwanga hafifu wa moto wa jiko, niliona ukungu wa mtu aliyejikunyata. Palinuka moshi wa kuni. Chini ya moshi kulikuwa na harufu nyingine... udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Funga mlango," alinong'ona. "Joto linatoka."

Nikafunga.

"Mwizi wewe," nikamtania. "Si ulisema umeshaoga?"

Nikaanza kupapasa ukuta kutafuta dirisha.

"Miezi mingapi?"

"Saba, shangazi. Si nilikwambia?"

"Saba..." Ubao ukalia. Alikuwa anashuka. "Nani atamwogesha kwanza?"

Kwetu hilo ni jambo la heshima. Mtoto akizaliwa, mwanamke mkubwa wa ukoo ndiye humwingiza sauna mara ya kwanza, akamwosha kwenye beseni. Shangazi hakujaliwa mtoto. Nikaona anaona haya kuomba mchana kweupe, na nikamwonea huruma.

"Wewe. Nani mwingine?" nikasema. "Utamwogesha wewe kwanza."

"Umenipa?"

"Nimekupa."

Akaweka kiganja tumboni mwangu.

Kilikuwa baridi.

Katika joto lile, kilikuwa baridi na kimelowa, na kilikandamiza kana kwamba kinapima kitu. Mtoto akaacha kucheza. Wakati huohuo vidole vyangu vikagusa miwani. Niliinyakua, nikatoka mbio, nikaivaa nikiwa nje kwenye theluji mpya, nikatazama nyayo njiani.

Mabuti yangu, kwenda nyumbani. Mabuti yangu, kurudi.

Basi.

Shangazi alikuwa anakuja kutoka ghala la nyuma, upande mwingine kabisa, samaki wa chumvi mkononi, kofia ya sufu kichwani. Aliniona, akautazama mlango wa sauna, akaelewa kabla sijafungua mdomo.

Jikoni alinikalisha karibu na moto. Mtoto alirusha teke dogo, nikalia.

"Mlisemeshana?" aliuliza.

Nikamweleza. Nilipofika kwenye neno "nimekupa", alikaa chini.

"Huyo ni Lempi," alisema. "Mke wa kwanza wa babu yako. Alijifungulia mle, mkesha kama huu, peke yake. Wenzake walikuwa kanisani. Waliporudi walimkuta ameshakufa. Wakamwosha mle mle."

"Na mtoto?"

Alikata mkate. Akakata tena, na tena, mpaka vipande vikawa vingi kuliko walaji.

"Mtoto hawakumkuta."

"Sasa anataka wangu?"

"Anataka alichopewa. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Ila mtoto akishabatizwa akapata jina, Lempi hamwezi tena. Mpaka siku hiyo asioge. Mfute kwa kitambaa tu."

Niliondoka asubuhi iliyofuata na basi la kwanza.

Mtoto alizaliwa Helsinki mwishoni mwa Februari. Msichana, mzima, na sauti kama king'ora. Nilibubujikwa machozi ya furaha mpaka mkunga akanicheka. Hospitali siku hizi haiogeshi watoto, inawafuta, na mimi nikaendelea hivyohivyo wiki tano.

"Huyu atanuka jibini," Ilari alinitania. "Mwoshe basi hata miguu."

Nilimwambia ana ngozi laini. Kweli yenyewe ningeanzia wapi? Ubatizo ulikuwa Jumapili, na mpaka hapo jina lake tulilijua sisi wawili tu.

Ijumaa, giza likianza kuingia, nikashuka chini ya jengo kutoa nguo kwenye mashine. Zamu yangu ya kufulia ilikuwa inaisha, na jirani wa ghorofa ya pili hamvumilii mtu hata dakika. Mtoto alikuwa amelala. Ilari alikuwa sebuleni anatazama mpira wa magongo wa barafuni. Nilikawia dakika kumi.

Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya moshi wa kuni. Ghorofa ya tano, nyumba isiyo na jiko la kuni.

"Amelala?" Ilari aliuliza bila kugeuka.

"Nani?"

"Mtoto. Si ulikuwa unamwogesha? Nimesikia maji, nikafikiri umesharudi. Halafu ule wimbo... sikujua unazijua nyimbo za zamani namna ile."

Niliangusha nguo palepale.

Mtoto alikuwa kitandani mwake. Alikuwa amefungwa taulo, vizuri kuliko nijuavyo mimi kufunga. Nywele zimelowa. Mashavu mekundu. Macho wazi, ananitazama.

Halii.

Mtoto wangu hakuwahi kuwa macho bila kulia.

Nikampigia shangazi, nikanong'ona ili Ilari asisikie.

"Amemwogesha."

Shangazi alishusha pumzi. "Amemrudisha?"

"Yuko hapa. Mzima. Nimembeba."

"Mshukuru Mungu." Nikasikia anavuta kiti. "Sirkku... umemtazama vizuri?"

"Kivipi?"

"Huyo aliyerudishwa. Ni yule yule?"

Nikamfungua taulo. Vidole kumi, na kumi. Kidevu cha babu yangu, kile cha ukoo wetu. Alikuwa nacho tangu azaliwe? Wiki tano nilimkodolea macho usiku na mchana, na sasa sikumbuki. Mtoto yeyote wa babu angekuwa nacho.

Jumapili tukambatiza Aune. Maji yalipomgusa hakulia.

Sasa ana miaka mitatu. Anakula, anacheka, ananiita mama, na nampenda, Mungu ni shahidi. Lakini akilala namtazama kile kidevu, najiuliza jambo nisiloweza kumuuliza hata Ilari. Kama huyu ni wa Lempi, wangu anamlilia nani?