Siri Aliyoitoboa Jovelyn

Kila asubuhi kabla ya shule, Jovelyn na mama yake hukaa kibarazani wakipasua kokwa za mti uitwao pili, ambazo Mama huzikaanga na sukari na kuziuza sokoni katika mji wao wa Sorsogon, Ufilipino. Asubuhi ile Mama alipasua tatu tu, akashika kiuno.

"Damu tena, Mama?" Jovelyn akanong'ona.

"Ni umri tu huo. Pasua kokwa, utachelewa."

Lakini huu ulikuwa mwezi wa nne damu ikimtoka. Jovelyn, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye aliyefua mashuka, kwa hiyo hakuweza kudanganywa. Alimbembeleza Mama siku mbili mfululizo mpaka akakubali kwenda zahanati.

Njiani Mama alimkamata mkono. "Habari za bibi yako usizitaje huko. Watu watasema ukoo wetu una laana. Wewe na dada zako nani atawaoa?"

Daktari Buenaflor, mwanamke mpole mwenye miwani, aliuliza, "Kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani?"

"Hakuna hata mmoja," Mama akajibu upesi.

Daktari akaandika. "Basi nitakuombea kipimo hospitali kuu. Foleni yake ni miezi mitatu."

Miezi mitatu! Jovelyn alimtazama Mama. Chini ya meza Mama alikuwa amemkanyaga kidole.

"Daktari, si kweli! Bibi alikufa kwa saratani ya mfuko wa uzazi akiwa na miaka arobaini na sita. Na Mjomba Isko alikatwa utumbo mwaka juzi, saratani pia."

"Mtoto huyu ana mdomo!" Mama akafoka, uso umemwiva.

Daktari aliweka kalamu chini. "Isko ni kaka yako wa tumbo moja?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Basi hatungoji. Nachukua sampuli ya mfuko wa uzazi leo hii, ikapimwe."

Kwa siku kumi na mbili Mama hakumsemesha Jovelyn ila "kula" na "funga mlango." Siku ya kumi na tatu majibu yakaja: ilikuwa saratani, ila haijatoka nje ya mfuko wa uzazi. Mama alifanyiwa upasuaji wiki hiyohiyo.

Daktari alipokuja wodini kumwambia kwamba imeondolewa yote, Mama alilia. Kisha akauliza, "Na binti zangu je?"

"Wengi wanaougua saratani hii hawakuirithi," Daktari akasema. "Lakini zipo familia ambamo kasoro ya vinasaba hupita kutoka kwa wazazi kwenda kwa watoto, ikaleta saratani ya mfuko wa uzazi na ya utumbo. Tutawapima watu wazima kwanza, wewe na ndugu zako. Kurithi kasoro si kuhukumiwa kufa. Ni sababu ya kupimwa mapema." Akamgeukia Jovelyn aliyesimama karibu na kitanda. "Ugonjwa wa ukoo ukifichwa, daktari anafanya kazi akiwa amefumba macho. Siku ile wewe ulinifumbua."

Mama alimvuta Jovelyn kando yake kitandani. Kisha akaomba simu, akampigia dada yake mkubwa aliyeko Manila.

"Dada," alisema, "kaa chini. Nataka tuzungumze kuhusu alivyokufa mama yetu."